Sanduku la Freeland: usilisugue, usiliuze

Tangu hapa Fort Jesus tuanze kuwahimiza wakazi wa Mombasa na Lamu watuonyeshe kumbukumbu za zamani zilizobaki majumbani, vitu na hati za Freeland, ule msafara wa wajamaa wa Kizungu, swali ni lile lile: "Mkishaona, mtachukua?" Hatuchukui. Kuonyesha si kukabidhi.

La pili, kumbukumbu za Freeland hazihusiani na Ujamaa wa Mwalimu Nyerere. Azimio la Arusha ni la 1967. Wajamaa hawa walishuka Lamu 1894, wakiwa na ndoto ya Theodor Hertzka, mchumi wa Vienna, aliyechapisha riwaya yake 1890: nchi ya ushirika kwenye nyanda za Mlima Kenya, ardhi isiyo na mwenyewe, mtaji usio na riba, faida ya wafanyakazi wenyewe. (Kwamba ardhi hiyo tayari ilikuwa na wenyewe, hilo halikuwasumbua sana.) Walikusudia kupanda na Mto Tana hadi mlimani. Hawakufika, baada ya miezi michache msafara ulivunjikia papo hapo Lamu. Na hapana, hakuna dhahabu iliyozikwa. Tafadhali acheni kuchimba.

Sasa sheria. Sheria ya Makumbusho na Turathi ya 2006 inahesabu kuwa kitu cha kale chochote kinachohamishika kilichotengenezwa au kuletwa Kenya kabla ya 1895, isipokuwa vitabu na hati. Kwa hiyo darubini iliyoshushwa na msafara ule 1894 imo. Barua iliyokuwa kwenye sanduku hilo hilo haimo. Kukitoa kitu cha kale nje ya nchi kunahitaji kibali cha Waziri, na kufanya biashara ya vitu hivyo kunahitaji leseni. Asiye na kibali au leseni hiyo anaweza kushtakiwa. "Nilimuuzia mtalii tu" si utetezi. Zile siku 7 za kutoa taarifa ambazo watu hutajiana zinahusu anayegundua magofu au vitu vya akiolojia, si kabati la nyanya yako.

Kwa kuwa hati haziguswi na kifungu hicho, ndizo zinazotutia wasiwasi zaidi. Huuzwa mojamoja, au hufungiwa maandazi. Tunazotamani hasa ni za wenyeji: hesabu za manahodha, risiti za kupangisha nyumba, barua za Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. Upande wa Wazungu uliandikwa na Wazungu wenyewe.

Usibandike selotepu. Usisugue shaba kwa ndimu na majivu, hata kama mama alifanya hivyo kila Idi. Usitenganishe vilivyokaa pamoja; andika kwa penseli, kwenye karatasi ya pembeni, kilikuwa kwa nani na kilifikaje kwako.

Ukija Fort Jesus, njoo na kitambulisho. Utajaza fomu, kitu kitapigwa picha mbele yako, utapewa nakala, utarudi nacho nyumbani. Kikiwa kizito, kama mlango au kasha, kiache kilipo, ulete picha.