Je, wajua kwa nini kitufe cha uhalisia mseto hakipimwi kwa pikseli?

Kwenye simu, mbunifu akisema kitufe kiwe na upana wa pikseli 48, mjadala umekwisha: kioo kiko kiganjani. Kwenye miwani ya uhalisia mseto, ambako michoro ya kompyuta hukaa ndani ya chumba halisi, kitufe hichohicho kinaweza kuwa mbele ya pua au ng'ambo ya ukumbi. Pikseli haijui umbali. Kinachojaliwa na jicho ni pembe ambayo kitu kinajaza, ndiyo maana vipimo vya fani hii huandikwa kwa digrii.

Hesabu yake si ngumu. Gawa pembe kwa mbili, tafuta tanjenti yake, zidisha kwa umbali, kisha zidisha kwa mbili. Digrii 1 kutoka mita 2 ni kama sentimita 3.5. Mwongozo wa Microsoft kwa HoloLens 2, miwani yake ya aina hii, unasema hivyohivyo: kitufe cha kuangaliwa kutoka mita 2 kisipungue digrii 1, na cha kubonyezwa kwa kidole, sentimita 45 kutoka machoni, kisipungue digrii 2, yaani sentimita 1.6 kila upande. Cha karibu ndicho kinachodai pembe kubwa, kwa kuwa kidole kinachobonyeza hewa hakigongi chochote, na chenyewe kinaziba kile kinachobonyezwa. Google nao walibuni dmm, milimita moja inayotazamwa kutoka mita moja. Kitufe cha dmm 64 kina sentimita 6.4 kikiwa mita 1, na sentimita 19.2 kikiwa mita 3. Machoni kinaonekana kilekile.

Ukubwa ukishaelezwa, swali la pili ni kitu kimefungwa wapi. Hapa ndipo OpenXR, kiwango cha pamoja cha programu kuzungumza na miwani ya aina mbalimbali, kilichotolewa mwaka 2019 na muungano wa kampuni uitwao Khronos Group, kinapookoa muda mwingi. Kinataja nafasi za marejeo, yaani mahali vipimo vinapoanzia, kwa majina: VIEW hufuata kichwa, LOCAL huanzia karibu na pale kichwa kilipokuwa programu ilipoanza, STAGE ina sifuri yake sakafuni. Ukibandika menyu kwenye VIEW, mtumiaji akigeuka asome ukingo wake, menyu nayo inageuka. Hataufikia, na kichefuchefu hakiko mbali. Afadhali iachwe ifuate mwili polepole, au ikae palepale chumbani.

Kiwango hicho pia kinaamua kwamba kipimo ni mita, mhimili wa Y unaelekea juu, na mbele ni upande hasi wa mhimili wa Z. Lakini programu za kutengenezea michezo hutofautiana: Unreal inahesabu kwa sentimita na juu yake ni Z. Unity inatumia mita lakini mbele yake ni Z chanya. Anayehamisha mpangilio bila kubadilisha vipimo huishia na paneli iliyokusudiwa kuwa mita 2 mbele ikiwa sentimita 2 kutoka usoni, au nyuma ya kisogo.

Kisha kuna mikono. Zamani programu iliuliza, "Kitufe cha kidhibiti (kile cha kushikwa mkononi) kimebonyezwa?" Kikija kifaa kisicho na kitufe hicho, kazi inaanza upya. Katika OpenXR programu hutangaza tendo, tuseme "shika", halafu hulifunga na njia kama /user/hand/right/input/select/click kwa kila aina ya kidhibiti. Kifaa kipya kikija, hubadilishwa ufungaji tu. Jihadhari na pozi mbili, yaani mahali na mwelekeo wa mkono: ile ya kushikia, inayofaa kuchorea kitu kilicho ndani ya ngumi, na ile ya kulengea, inayofaa kutolea mwale wa kuonyeshea kitu cha mbali. Ukizibadilishana, mwale hutoka mkononi kwa mshazari na mtumiaji hulenga kitu kimoja akachagua kingine.

Kilichobaki bila kiwango ni ishara za mikono zenyewe. Kwenye Quest, miwani ya Meta, kugeuza kiganja kikuelekee na kubana vidole huita menyu ya mfumo, hivyo programu ikiipa ishara hiyo kazi nyingine itagongana na mfumo. Vision Pro ya Apple, iliyotoka 2024, hutumia macho kulenga na vidole kuthibitisha. Jicho peke yake haliwezi kuachiwa uamuzi, la sivyo kila linachotua juu yake kingefunguka. Tena, kwa ajili ya faragha, kwa kawaida programu haiambiwi jicho linatazama wapi mpaka vidole vibanwe. Mng'ao wa kitufe kinachotazamwa huchorwa na mfumo, kwa hiyo msanidi lazima autangaze mapema. Akisubiri tukio la "mtumiaji anatazama" ndipo apake rangi, halitafika, na kitufe kitabaki kimezubaa hata kama kinafanya kazi.