Siku 126 si tarehe ya kufukuzwa

Nimetumiwa tena barua yenye sentensi ile ile: "Kwa kuwa umemaliza siku 126 za likizo ya ugonjwa, ajira yako imekoma." Mwajiri nimeshamzoea. Kinachonikera ni kwamba mfanyakazi mwenyewe kaamini, anauliza tu mafao yake ya NSSF.

Ajira haikomi yenyewe jamani! Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 (Tanzania Bara; Zanzibar wana yao) inakupa siku 126 katika mzunguko wa miezi 36: 63 za mwanzo kwa mshahara kamili, 63 zinazofuata kwa nusu. Kinachoisha hapo ni likizo yenye malipo. Kukuachisha kazi ni jambo jingine, na lina utaratibu wake kwenye Tangazo la Serikali Na. 42 la 2007: mwajiri aangalie chanzo cha maradhi, ukubwa wake, kama ni ya muda au ya kudumu, kama kuna kazi nyepesi ya kukupa, na akusikilize kabla hajaamua. Kikao cha kukabidhiwa barua iliyokwisha kupigwa muhuri si kusikilizwa.

Sasa tupige hesabu, maana hapa ndipo wenye selimundu wanapoonewa. Mtu akilazwa na maumivu siku tatu kila mwezi, kwa miezi 36 ametumia siku 108. Zimebaki 18. Huyo mnayemnunia ofisini kwamba "anaumwa kila mwezi" hajamaliza hata haki yake! Halafu anaitwa kujibu tuhuma za utoro. Utoro ni suala la nidhamu; ugonjwa ni suala la uwezo wa kufanya kazi. Ni njia mbili tofauti, na mwajiri anapenda ya nidhamu kwa sababu ni fupi.

Kinachompa mwajiri nafasi ni karatasi zinazopotea. ED (cheti cha daktari cha kukupumzisha kazi) ulimpa msimamizi mkononi, msimamizi kahamishwa, faili halina kitu. Piga picha kila ED kabla hujaikabidhi, itume na kwa WhatsApp au barua pepe ili tarehe ibaki.

Ninapokosa usingizi ni kwenye ubaguzi. Sheria imetaja ulemavu, imetaja VVU. Selimundu, kisukari, lupus na mgongo usiopona hazimo kwa majina. Mimi ninapomtetea mteja huegemea ulemavu, na kusema kweli sijui kila mara kama mwamuzi atanikubalia, hasa mteja wangu akiingia chumbani anatembea vizuri na eksirei yake ni safi. Daktari akiandika "anaumwa mgongo" hajanisaidia. Aandike hawezi kusimama kwa muda gani, hawezi kubeba kilo ngapi.

Wenye mikataba ya mwaka mmoja mmoja hali yao ni ngumu zaidi. Mwajiri hakufukuzi, anaacha tu mkataba ufike mwisho, nawe ndiye wa kuthibitisha kwamba ulikuwa na sababu ya kutarajia kuongezewa.

Kama umeachishwa, una siku 30 kufungua mgogoro CMA (Tume ya Usuluhishi na Uamuzi). Ukichelewa itabidi kwanza uombe kuongezewa muda, na kuumwa peke yake bila vielelezo hakutoshi.

Na wakikuletea wodini karatasi ya kuacha kazi "kwa makubaliano", usisaini. Waambie waiache mezani, utaisoma ukitoka.