Kifaranga akiota mabawa usizime jiko bado

Msimu wa baridi ukiingia huku Nakuru, hasa pande za Molo na Njoro, simu tunazopigiwa ni zile zile: daktari, jioni walikuwa sawa wanakula, asubuhi nimepata kumi wamelaliana kwa kona wamekufa, huu ni ugonjwa gani? Nikiuliza wako wiki ngapi naambiwa mbili na siku kidogo, na jiko la kuwapa joto lilizimwa juzi juu wameshaota manyoya.

Sasa hapo ndio shida iko. Wameota mabawa, manyoya bado.

Kifaranga akitoka kwa yai amevaa malaika tu, yaani yale manyoya laini ya kwanza, na malaika yakilowa hayashiki joto kabisa, ndio maana koo anawafunika hata mchana. Ya bawa ndio huanza, kuna wengine wanaanguliwa tayari vijiti vinaonekana pale kwa ncha, alafu mkia unafuata kama wiki ya pili, mabega, kifua, mgongo, na kichwa na shingo ndio huwa mwisho. Mpaka avae mwili wote ni wiki 5 ama 6 hivi. Kwa hivyo huyo wa wiki mbili ni kama mtoto amevaa mikono ya sweta bila sweta yenyewe. Mshike, mgeuze, pulizia kifua na mgongo, ukipata bado ni malaika jua jiko linabaki.

Wiki ya kwanza joto liwe digrii 32 hadi 35 pale chini wanapokanyaga, si pale juu kwa ukuta umetundika themomita, alafu unapunguza kama digrii 3 kila wiki. Huna themomita? Waangalie wao wenyewe, wakirundikana wana baridi, wakikimbia jiko wanahema midomo wazi ni moto. Na wacha hewa ipite, moshi wa makaa kwa bruda, pale unapolelea vifaranga, iliyozibwa kila mahali unaua kimya kimya.

Wenzetu wa Kisumu mara nyingi shida yao ni kinyume, wanapika vifaranga. Kifaranga akisikia joto kali anakula kidogo, na asipokula manyoya yanachelewa manake unyoya karibu wote ni protini, si chini ya asilimia 85. Hapo ndio naona watu wakijaribu kusevu pesa kwa kulisha unga wa mahindi na mabaki ya ugali tu, mwezi unaisha ndege ako mgongo wazi. Mahindi yanatia nguvu lakini ile protini ya kujenga unyoya ni haba. Chiki mashi, kile chakula cha vifaranga cha dukani, ya kawaida iko na protini kama asilimia 18 hadi 20, na ukichanganya mwenyewe soya peke yake haitoshi, weka na omena, lakini ichunge, kuna omena ya kuuzwa kwa gunia nusu yake ni mchanga.

Kingine, unyoya mchanga uko na damu ndani ya kile kijiti chake. Ukivunjika damu inatoka, wenzake wakionja hawaachi, kwa hivyo aliyejeruhiwa mtoe haraka umweke kando na uangalie kama umewabana sana.

Na ile ya kupanua bawa la kifaranga wa siku moja useme huyu ni tetea huyu ni jogoo? Inafanya kazi, lakini kwa zile mbegu zilizopandishwa makusudi, jogoo wa kuota haraka kwa kuku wa kuota polepole, ndio watoto wa kike wanatoka na manyoya marefu ya bawa. Kwa kienyeji wetu waliochanganyika hapo unabahatisha tu, usilipe bei ya matetea.

Wale wa shingo wazi nao, naulizwa sana kutoka Busia na Kakamega wapakwe dawa gani. Hakuna. Hiyo ni mbegu, wanaanguliwa hivo, na manyoya yao ya mwili mzima huwa machache kuliko ya wengine, so hao waongezee siku za jiko.