Kifaa cha kusomea vitabu si tableti iliyofifia

Ukitoa Kindle, kifaa cha kusomea vitabu vya kielektroniki, kwenye daladala ya Mbagala, jirani atakuuliza kwa nini umenunua tableti isiyo na rangi. Wengi hapa Dar es Salaam wanaamini hivyo: ni kioo kilekile cha simu, kimepunguzwa mwanga tu. Sivyo kabisa.

Kioo cha simu hukurushia mwanga machoni. Cha Kindle kina vifuko vidogo mno, upana wake kama wa unywele, vilivyojaa majimaji yenye chembe nyeupe na nyeusi. Kila rangi ina chaji yake ya umeme, tofauti na ya mwenzake. Ukigeuza ukurasa, umeme kidogo unazivuta: nyeusi zikipanda unaona herufi, nyeupe zikipanda unaona karatasi. Ni wino hasa, ila unahama. Ndiyo maana mara nyingine kioo kinageuka cheusi kufumba na kufumbua, maandishi ya zamani yakifutwa.

Chembe zikishatulia, hazihitaji umeme kubaki pale. Kwa hiyo chaji hudumu hata wiki kadhaa, na hilo ni jambo kubwa umeme ukikatika mtaani! Jua la saa saba mchana pale Coco Beach, ambalo kwenye simu hukufanya usione kitu, hapa linasaidia: mwanga ukiongezeka, maandishi yanasomeka zaidi. Kwa vifaa vyenye taa, taa hizo ziko pembeni na humulika uso wa kioo.

Kindle ya kwanza ilitoka Marekani mwaka 2007. Kwa video, baki na simu yako; chembe hizi huhama polepole mno.