Ulizima Kilomita ya 32? Tafuta Kosa Kilomita ya 3

Mkimbiaji aliyemaliza dakika 10 nyuma ya alichopanga huwa na maelezo tayari kabla hajafungua kamba za viatu. Miguu iligoma. Moyo ulikata tamaa. Jua, upepo, foleni ya kuanzia. Maelezo yote hayo huyatoa kwenye ile sehemu ya mbio iliyomuuma, kwa sababu ndiyo anayoikumbuka. Nina daftari la mbio zangu la miaka mingi, na nikilisoma sasa karibu nacheka: ukurasa baada ya ukurasa nachunguza kilomita 10 za mwisho, huku kosa limekaa mwanzoni likinitazama.

"Mbio ziliniharibikia kilomita ya 32"

Hapo ndipo ulipoanza kuumia tu. Marathoni moja nilitaka kukimbia saa 3 na dakika 30, yaani karibu dakika 4 na sekunde 58 kwa kila kilomita. Kilomita 10 za kwanza nilizipita kwa dakika 47. Nilikuwa mbele ya mpango kwa karibu dakika 3, napumua kama mtu aliyeketi barazani, na nikajiambia hii ndiyo siku yangu. Kilomita 10 za mwisho kila moja ilinila dakika 6 na ushei. Dakika 3 nilizokopa mwanzoni nikazilipa dakika 12. Daftarini niliandika: "Miguu dhaifu, ongeza milima." Nikapanda milima miezi miwili. Mbio zilizofuata nikaanza kwa kasi ileile na kuzima palepale.

Hesabu yake si ngumu. Mwili huweka akiba ya wanga katika misuli na ini, iitwayo glaikojeni, na kwa mtu wa mazoezi akiba hiyo ni kama kilokalori 2,000. Kukimbia hugharimu takriban kilokalori 1 kwa kila kilo ya uzito katika kila kilomita, hivyo mtu wa kilo 65 anahitaji kama kilokalori 2,700 kumaliza kilomita 42.195. Pengo linajazwa na mafuta ya mwilini pamoja na anachokula njiani. Lakini kadiri unavyoongeza kasi, ndivyo mwili unavyochoma wanga zaidi na kuyaacha mafuta. Zile sekunde 16 kwa kilomita nilizoziona kama zawadi zilikuwa zinatoka kwenye akiba isiyorudi, na sikuzihisi kwa sababu nilikuwa nimepumzika wiki nzima na umati unanisukuma.

Kwa hiyo kabla ya kujilaumu, andika muda wako wa kila kilomita 5 kwenye karatasi. Ukiona mwanzo wa haraka kisha mporomoko mkubwa, tatizo ni mwendo au chakula. Ukiona ulikuwa mzito tangu kilomita ya 5 na ukabaki hivyo hadi mwisho, hilo ni jambo jingine kabisa: uchovu wa mazoezi uliopita, homa inayokuja, au joto la siku ile.

"Nilikosa roho ngumu"

Hii ndiyo dhana inayoniudhi kuliko zote, kwa sababu ina sura ya unyenyekevu lakini haimfundishi mtu chochote. Mtu aliyeishiwa wanga huona kila kitu kigumu, pamoja na kufikiri. Ubongo nao unategemea sukari ya damu. Siku ya joto, moyo hulazimika kupeleka damu kwenye ngozi ili kuupoza mwili, na misuli nayo inaidai damu hiyohiyo. Mapigo hupanda ilhali kasi inashuka. Huo ni mwili unaojilinda. Ukiuita uoga utakuwa unatibu ugonjwa usiokuwepo.

Na kama mbio mbaya ni tatu mfululizo, mazoezi yako hayajabadilika, na ngazi za nyumbani zinakutoa jasho, nenda ukapimwe damu. Upungufu wa madini ya chuma ni wa kawaida kwa wakimbiaji wa mbio ndefu, hasa wanawake. Kula kidogo kuliko unachotumia nako kunaharibu homoni na mifupa, na kwa mwanamke kukoma kwa hedhi ni dalili ya kwenda nayo kwa daktari, si ya kujivunia kwamba amekuwa mwepesi.

"Dawa ya mbio mbaya ni mbio nyingine haraka"

Paula Radcliffe wa Uingereza aliingia marathoni ya Olimpiki ya Athens Agosti 2004 akiwa mshika rekodi ya dunia, saa 2:15:25 aliyoikimbia London mwaka uliotangulia. Karibu kilomita ya 36 akasimama kando ya barabara akilia. Alikuwa na jeraha la mguu, na baadaye alieleza kwamba dawa alizotumia kulituliza zilimharibu tumbo, chakula kikawa hakimfai kitu. Siku 5 baadaye akarudi uwanjani kwa mita 10,000. Hakumaliza hizo pia. Novemba mwaka huohuo, wiki 11 baada ya Athens, akashinda marathoni ya New York.

Mwanamke yuleyule, uwezo uleule. Siku 5 hazikutosha, wiki 11 zikatosha. Sisi wengine tusio na miguu yake tunajisajili mbio za kisasi jioni ileile, misuli ikiwa bado imechanika, tukidhani tunaonyesha ujasiri.

Ndugu yake kisasi ni kubadilisha kila kitu kwa pamoja: viatu vipya, kocha mpya, mlo mpya. Hata ukikimbia vizuri safari ijayo hutajua ni kipi kilikusaidia.

"Saa haidanganyi"

Haidanganyi, lakini haielezi. Marathoni ya Boston, Marekani, mwaka 2018 ilikuwa mvua, baridi na upepo wa uso. Desiree Linden wa Marekani alishinda kwa saa 2:39:54. Miaka 7 kabla, kwenye njia hiyohiyo, alikimbia 2:22:38 akawa wa pili, nyuma ya Caroline Kilel wa Kenya kwa sekunde 2. Muda ulio mbovu kwa zaidi ya dakika 17 ndio uliompa ushindi. Aliyesoma saa peke yake siku hiyo angemhurumia.

Saa ya mkononi nayo ina hila zake. Njia ya marathoni iliyoidhinishwa hupimwa kwa kufuata mstari mfupi kuliko yote, sentimita 30 tu kutoka ukingo wa barabara kwenye kona, kisha huongezwa mita 1 kwa kila kilomita ili isije ikapungua. Wewe unapita kona kwa nje, unayumba kwenda kwenye meza za maji, na saa yenyewe inakosea kidogo. Mwishoni inasoma kilomita 42.6. Kama ulijipangia dakika 5 kwa kilomita kwa kuitazama saa hiyo, umemaliza kwa 3:33:00 badala ya 3:30:58, na hukupunguza mwendo hata kidogo. Nimewasikia watu wakiwagombeza waandaaji kwa hilo. Tumia vibao vya kilomita vya barabarani.

"Kunywa maji mengi, hutazima"

Maji ya kupita kiasi hushusha chumvi kwenye damu, na hali hiyo imeua wakimbiaji. Kunywa kwa kiu. Aliyemaliza mbio akiwa mzito kuliko alivyoanza amekunywa kupita kiasi.

"Anayeacha njiani ni mwoga"

Hapa kila mtu humtaja John Stephen Akhwari wa Tanzania, na ana haki ya kutajwa. Kwenye marathoni ya Olimpiki ya Mexico 1968 alianguka, akaumia goti, akaingia uwanjani zaidi ya saa moja baada ya mshindi, Mamo Wolde wa Ethiopia, mguu umefungwa bendeji. Heshima yake haina mjadala.

Lakini wanaomtaja husahau kuuliza kinachouma ni nini. Linden huyuhuyu wa Boston aliacha marathoni ya Olimpiki ya London 2012 kabla ya kilomita ya 5, kwa maumivu ya nyonga yaliyokuja kuonekana kuwa ufa katika mfupa wa paja. Angeendelea, mfupa ungeweza kukatika, na Boston isingekuwepo.

Mimi nilishaacha mara mbili. Mara ya kwanza maumivu yalikuwa sehemu moja tu, ninayoweza kuigusa kwa kidole, na yaliongezeka kila hatua. Daktari alinipumzisha wiki 8. Mara ya pili niliona tu kwamba muda niliotaka umeshapita, nikapanda gari la waandaaji. Daftarini kurasa hizo mbili zimeandikwa neno moja, "nimeacha", na ile ya pili nimeipigia mstari mwekundu.