Leleshwa ni nini?

Leleshwa ni kichaka chenye harufu kali inayokaribia ile ya kafuri, kisichopukutisha majani hata wakati wa kiangazi, ambacho huota kwa wingi katika nyanda za juu kavu za Bonde la Ufa nchini Kenya na kaskazini mwa Tanzania. Jina hilo limetoka kwa Wamaasai. Katika vitabu vya mimea huitwa Tarchonanthus camphoratus, jina alilokipa Carl Linnaeus, mtaalamu wa mimea wa Uswidi, mwaka 1753. Kichaka hiki kimo katika jamii moja na alizeti na pareto, undugu ambao mtu hawezi kuudhania kwa macho, kwa sababu maua yake ni madogo, ya rangi ya maziwa, na hayavutii hata kidogo. Nje ya Afrika Mashariki hupatikana pia kusini mwa bara hili, Ethiopia na sehemu za Uarabuni.

Anayesafiri kutoka Naivasha kwenda Nakuru hukiona bila kutafuta, hasa kuanzia Gilgil hadi Elmenteita, ambako miinuko yenye mawe ya volkano hufunikwa na vichaka vya rangi ya kijivu. Ukijivu huo hutokana na majani: upande wa juu ni wa kijani kilichofifia, na upande wa chini umejaa vinyweleo vyeupe vinavyopunguza upotevu wa maji, jambo la lazima kwa mmea unaoishi kwenye udongo haba, mwinuko unaokaribia au kupita mita 2,000, na jua kali la mchana linalofuatwa na baridi ya usiku. Kwa kawaida kichaka hufikia urefu wa mita 2 hadi 6. Kuna vichaka dume na vichaka jike, na mbegu za jike huvikwa nyuzi laini nyeupe kama pamba, ambazo hupeperushwa na upepo.

Harufu yake huwapotosha wengi. Kafuri ile inayojulikana pwani, inayotumika katika kuosha na kukafini maiti, hutokana na mti mwingine kabisa wa Asia ya Mashariki. Mafuta ya leleshwa ya Kenya yamejengwa zaidi na kemikali ziitwazo fenkoli na sineoli, na hii ya pili ndiyo inayoyapa mafuta ya mkaratusi ukali wake unaozibua pua. Si ajabu basi kwamba wenyeji huchemsha majani ya leleshwa na kujifukiza mvuke wake wanaposhikwa na mafua au kifua, na wengine huyatafuna jino linapouma. Wamaasai, hasa vijana walioko safarini na mifugo, huyaweka majani mabichi kwapani ili kuondoa harufu ya jasho, matumizi ambayo kwa maoni yangu ndiyo yanayoeleweka upesi kuliko yote, kwani ukiyafikicha majani machache viganjani hunukia kwa muda mrefu. Hata hivyo, mafuta yaliyokamuliwa si sawa na majani yaliyochemshwa: hayafai kunywewa, na watoto wadogo wasipakwe usoni wala puani.

Ili kupata mafuta hayo, majani na vijiti vyake vyembamba hushindiliwa ndani ya pipa, mvuke wa maji hupitishwa katikati yake, kisha mvuke huo hupozwa hadi uwe maji ambayo juu yake mafuta huelea na kuenguliwa. Hutiwa katika sabuni, katika vipodozi na katika dawa za kufukuza wadudu. Faida ya kazi hii ni kwamba inahitaji matawi tu, si kichaka kizima.

Mbao zake ni nzito, ngumu, na mchwa hawazipendi, kwa hiyo hutengenezewa nguzo za ua. Lakini soko kubwa ni la mkaa. Mkaa wa leleshwa huwaka polepole na kwa joto kali, na umepikia vyakula vya miji mingi ya Bonde la Ufa. Kinachoufanya mti huu ustahimili shoka ni kisiki chake: ukikatwa, au hata ukiunguzwa na moto wa nyika, huchipua upya kutoka chini na kutoa mashina mengi pale palipokuwa na machache. Ng'ombe huukwepa, ingawa mbuzi na twiga huula, na ndiyo maana malisho yakichoshwa na wingi wa mifugo, nyasi hupungua nao ukazidi kutanda. Wafugaji wengi kwa hiyo huuhesabu kuwa magugu.

Hapo ndipo lawama anazotupiwa mchoma mkaa, kwamba ndiye anayeumaliza mti huu, zinapohitaji kupimwa vizuri. Akikata mashina na kuacha visiki, kisha akakipa kichaka miaka ya kutosha kabla ya kurudi, atakikuta kimesimama tena. Sehemu za Narok, hata hivyo, ardhi ya leleshwa imekuwa ikifyekwa ili kupandwa ngano, na mkaa huwa ni mavuno ya kwanza ya kazi hiyo: mashina huchomwa, kisha mizizi hung'olewa ili trekta ipite. Kisiki kikishang'olewa, hakuna kinachochipua.