Mrija wa kifuani: kazi yake, na kwa nini usiukatae

Ndugu wanaomleta idara ya dharura mtu aliyechomwa kisu kifuani au aliyeanguka na bodaboda huuliza swali moja kabla ya mengine yote: "Daktari, atapasuliwa?" Mara nyingi jibu ni hapana. Katika kila majeruhi 10 wa kifua, 8 au 9 hutibiwa bila kifua kufunguliwa. Wanachohitaji ni mrija wa kutolea hewa au damu kifuani, dawa ya maumivu ya kutosha, na mtu wa kuwasimamia wapumue vizuri na kukohoa. Shida ni kwamba huo mrija ndio unaoogopwa. Familia huomba kuondoka na mgonjwa "tukajadiliane kwanza nyumbani" huku pafu moja limeshasinyaa na damu inaendelea kujaa.

Mapafu hayana misuli ya kuyatanua. Hutanuka kwa sababu yameambatana na ukuta wa kifua kupitia tando mbili, na kati ya tando hizo hamna hewa, pana majimaji kidogo tu ya kulainisha. Hewa ikipenya hapo, iwe imeingia kwenye jeraha au imevuja kutoka kwenye pafu lililotobolewa na ncha ya ubavu uliovunjika, pafu hunywea. Damu nayo ikimwagikia humo hulikandamiza. Upande mmoja wa kifua cha mtu mzima unaweza kubeba lita mbili hadi tatu za damu bila tone kuonekana nje. Kwa hiyo tundu dogo la kisu, ambalo hata shati halijalowa, linaweza kumuua mtu akiwa ameketi kwenye benchi la kituo cha polisi akisubiri PF3, ile fomu ya polisi ya majeruhi. Majeruhi wa kifua aje hospitali moja kwa moja. Fomu ndugu mmoja ataifuata.

Njiani, kisu kilichobaki mwilini kisichomolewe, maana huenda ndicho kilichoziba mshipa. Jeraha linalofyonza hewa lifunikwe kwa nailoni safi, ibandikwe pande tatu, upande wa nne uachwe ili hewa ya ndani ipate pa kutokea. Mgonjwa akizidi kuhema baada ya kufunikwa, iondoeni. Mwacheni akae mkao anaoona unampa nafuu, na msimpe chakula wala chai.

Kuhusu mbavu zilizovunjika nina neno na wazee wangu. Ile desturi ya kumfunga mtu khanga kwa nguvu kifuani, na ile ya kumpeleka akachuliwe, zote mbili zinatuletea wagonjwa mahututi. Ubavu uliovunjika una ncha, na ukisuguliwa ncha hiyo huingia kwenye pafu. Khanga nayo humzuia mtu kuvuta pumzi hadi chini. Bibi wa miaka 70 aliyeteleza bafuni na kuvunjika mbavu tatu hafi kwa mbavu. Anaogopa kukohoa kwa sababu ya maumivu, makohozi yanatuama, na siku ya nne au ya tano anaanza homa ya kichomi, yaani nimonia. Ndiyo maana tunamwandikia dawa za maumivu za saa maalumu, azinywe hata kama wakati huo haumwi sana. Wengi tumelelewa kuvumilia maumivu. Kwa mbavu zilizovunjika, uvumilivu wa namna hiyo ni hatari. Mgonjwa akumbatie mto kifuani, akohoe, avute pumzi ndefu mara kumi kila saa akiwa macho. Mifupa yenyewe huunga kwa takriban wiki sita.

Sasa mrija. Unawekwa chini ya kwapa, kwa kawaida juu ya ubavu wa tano au wa sita, mahali ambapo misuli ni myembamba na ni mbali na moyo na ini. Mgonjwa anachomwa sindano ya ganzi, ngozi inachanjwa kwa upana wa vidole viwili hivi, kisha daktari anatanua njia taratibu na kuingiza kidole chake mwenyewe kuhakikisha amefika mahali sahihi kabla ya mrija kupita. Kwa mtu mwenye damu kifuani tunatumia mrija mnene, unaokaribia sentimita moja, kwa sababu mwembamba huzibwa na mabonge. Msukumo mgonjwa atausikia, ganzi haiuondoi wote, na ni vizuri aambiwe mapema. Mrija unashonwa kwenye ngozi, na mwisho wake wa nje unaingia kwenye chupa yenye maji, ncha ikizama kama sentimita mbili.

Hayo maji ndiyo mlango. Hewa ya kifuani inatoka kama mapovu na haiwezi kurudi. Hakuna umeme wala mashine. Daktari Mjerumani Gotthard Bülau wa Hamburg aliutumia mfumo huu kumtoa mgonjwa usaha kifuani mwaka 1875, na hadi leo chupa iliyo chini ya kitanda wodini inafanya kazi kwa kanuni ileile.

Anayekaa na mgonjwa usiku kucha huiona chupa hiyo zaidi ya daktari, basi ajue kuisoma. Mgonjwa akivuta pumzi, maji yaliyo ndani ya mrija hupanda, akitoa, hushuka. Mchezo huo ukikoma ghafla ilhali anahema kwa shida, mwite nesi hapohapo: huenda mrija umekunjika au umezibwa na bonge. Mapovu yanayotoka akikohoa yasiwatishe, ni hewa inayotakiwa itoke. Msiubane mrija kwa kamba wala koleo kwa nia njema ya "kuzuia hewa". Pafu likiwa bado linavuja, hewa hiyo itajilimbikiza ndani, isukume moyo upande mmoja, na mgonjwa anaweza kufa kwa dakika chache. Chupa ikae chini ya usawa wa kifua wakati wote. Kosa tunaloliona mara kwa mara ni mtu kuipandisha kitandani juu ya miguu ya mgonjwa wakati wa kumsukuma kwenda kupigwa picha ya eksirei, maji yakamrudia kifuani. Msimwage kilichomo, maana kinapimwa. Na kama mrija umechomoka kwenye chupa, ncha yake itumbukizwe kwenye chombo chenye maji safi huku mmoja akimkimbilia nesi.

Kwa nini kipimo kina uzito hivyo? Mrija unatibu, na papo hapo unatupa habari. Ukitoa lita moja na nusu mara tu unapowekwa, au ukiendelea kutoa kama mililita 200 kila saa kwa saa kadhaa, kuna mshipa mkubwa unaovuja, na hapo ndipo tunakwenda thieta kufungua kifua bila kusitasita. Usipotoa hivyo, tunasubiri pafu litanuke, picha ithibitishe, kisha mrija unaondolewa kwa sekunde chache tu. Katika kusubiri huko mgonjwa asilale tu chali. Aamke, atembee varandani na chupa yake mkononi, chini ya kiuno.

Waliokataa mrija, au waliouchomoa wenyewe siku ya pili kwa sababu "najisikia vizuri", tunawapokea tena baada ya wiki kadhaa, na safari hii ni ya kupasuliwa kweli. Damu iliyoachwa kifuani hugandamana na huweza kuingiwa na vijidudu, ikawa usaha. Usaha kifuani humpata pia mtoto aliyetibiwa nimonia lakini homa haikushuka, au mtu mzima mwenye kifua kikuu. Mwanzoni majimaji ni mepesi na mrija unatosha. Baadaye hujitenga kwenye vyumbavyumba vya utando. Yakiachwa zaidi, kwa kawaida kufikia wiki ya nne hadi ya sita, huacha gamba lililoligubika pafu mithili ya ganda la chungwa lililokauka, na usaha mzito umekaa katikati. Hapo mrija hautoshi tena. Inabidi tufungue kifua na kulibandua gamba hilo kidogokidogo bila kulichana pafu, kazi ya saa nyingi inayokula damu. Kinachoniuma ni kwamba wengi wa hao walipita vituo viwili au vitatu wakipewa dozi mpya ya sindano kila mara, bila yeyote kuomba picha ya kifua. Homa ya nimonia isiyopungua ndani ya siku mbili au tatu za dawa sahihi inahitaji picha.

Kinyume chake nako kuna hatari. Mwaka 1918, katika kambi za jeshi la Marekani, askari wengi waliugua mafua makali na nimonia, wakapata usaha kifuani. Madaktari waliwafungua vifua mapema, na takriban 30 kati ya kila 100 walifariki, kwani hewa iliyoingia ilisinyaza mapafu yaliyokuwa tayari yamedhoofika. Tume iliyokuwa na daktari mpasuaji Evarts Graham ikaagiza usaha utolewe kwanza kwa njia isiyoruhusu hewa kuingia, na mgonjwa alishwe vizuri. Vifo vikashuka hadi chini ya 5 kati ya 100. Basi daktari akikuambia "mrija kwanza", hakwepi kazi.

Kuna wanaokuja bila ajali wala homa. Kijana mrefu, mwembamba, mara nyingi mvutaji, anasikia maumivu ya ghafla ya kuchoma kifuani na pumzi kukata. Kivimbe cha hewa juu ya pafu kimepasuka. Huyu naye anaweza kuhitaji mrija, na takriban mmoja kati ya watatu hurudiwa, zaidi asipoacha sigara. Yupo pia aliyemaliza dawa za kifua kikuu miaka mingi iliyopita, ambaye sasa anakohoa damu kutokana na mashimo yaliyobaki na fangasi waliojijengea humo. Akitoa damu nyingi, alazwe kwa ubavu, upande unaojulikana kuwa na ugonjwa uwe chini, ili pafu lisilo na ugonjwa lisizame kwenye damu.

Kwa watoto wadogo, ulizeni karanga. Mtoto wa miaka miwili alipaliwa ghafla, akakohoa sana, akatulia, wazazi wakamshukuru Mungu. Mwezi mmoja baadaye bado anatibiwa pumu. Karanga haionekani kwenye picha, kwa hiyo "picha iko safi" haitoshi kumrudisha nyumbani. Mama akisema tu "siku ile alipaliwa", tunaingiza bomba lenye taa kupitia koo na kuitoa, kazi iliyofanywa kwa mara ya kwanza na Gustav Killian wa Freiburg mwaka 1897, alipotoa mfupa kwenye njia ya hewa ya mkulima. Kwa mabinti ni pini ya hijabu iliyobanwa kwenye midomo wakati wa kujifunga, mara akicheka au kujibu salamu imeshaingia. Hiyo picha huionyesha vizuri.

Aliyetolewa mrija asinyanyue mizigo mizito kabla ya kuruhusiwa, na asipande ndege mpaka picha ionyeshe pafu limetanuka lote na wiki moja hadi mbili zimepita. Wazamiaji wanaotumia mitungi ya hewa, hasa vijana wanaoongoza watalii Unguja, Pemba na Mafia, wana sharti kali zaidi: ambaye pafu lake limewahi kunywea lenyewe asirudi chini ya maji hata kama anajiona mzima, hadi amwone daktari wa kifua wazungumze kuhusu upasuaji. Na ukija kliniki, beba picha zako zote, hata zile za miaka ya nyuma zilizokunjamana, kwa sababu tunazipanga pamoja ukutani tuone kovu lipi ni la zamani na lipi ni jipya.